Arudi Akimaliza Siku Zake

Wasichana wawili waliochukua nafasi yangu pale dirishani pa kliniki wameniambia niandike. Niliwauliza niandike nini, mimi niliyekaa kwenye kiti kimoja tangu nikiwa mwembamba hadi kiti kikabadilishwa kwa ajili yangu. Wakasema, andika tu, mama, kabla hujasahau. Hilo la kusahau walilisema makusudi. Basi naandika, nikiwa barazani kwangu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mahali ninapopapenda kuliko pote duniani, ingawa nikiri mapema kwamba kwingine duniani sikujui sana. Kampala nimefika mara moja, nikarudi kesho yake kwa sababu chai yao haikunikubali.

Jina langu ni Mbambu. Kwa asiyetoka huku: sisi Wakonzo humpa mtoto jina kwa nafasi yake ya kuzaliwa, kwa hiyo jina langu linasema tu kwamba wasichana wengine walinitangulia na wazazi wangu hawakushangaa kuniona. Ni desturi nzuri, ila kwa karani wa kliniki ni adhabu. Rejesta yetu ilikuwa Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, kisha tena Masika, ukurasa baada ya ukurasa. Wenzetu Wanande wanaovuka kutoka Kongo nao wana desturi hiyo hiyo. Ukitafuta habari za mwezi uliopita za Masika wa Mpondwe, unapata akina Masika wa kujaza benchi, na wote wameandikwa neno moja: tumbo.

Kliniki ilikuwa vyumba vinne nyuma ya barabara ya sokoni, ya wanawake peke yao. Niliingia na kidato cha nne na mwandiko mzuri, na kwa kweli mwandiko ndio ulioajiriwa, mimi niliufuata. Sister Kabugho, muuguzi mkuu, alinipa karatasi niandike jina langu na maneno matatu ya magonjwa. Akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu, akasema, "Huyu anasomeka." Siku hiyo hiyo nikakabidhiwa rejesta, rula, kalamu nyeusi na nyekundu, kipima joto, na muhuri wa tarehe ule wa kuzungusha kwa kidole. Hakuna aliyeniambia kwamba kidole kinatakiwa kuzungusha kila asubuhi. Nilipiga muhuri mpaka saa sita, kwa fahari, kabla Sister hajapita nyuma yangu na kuchungulia. "Mbambu," akasema, "leo umewatibu watu wote jana."

Sister Kabugho ndiye aliyenifundisha kazi, na nataka mjue alikuwa mwalimu mzuri, kwa sababu nitakayoyasema baadaye yanaweza kuwafanya mumfikirie vibaya. Alinifundisha kwamba mgonjwa huanza kueleza ugonjwa wake kabla hajafika dirishani. Mwenye homa hutafuta jua. Mwenye kidole tumbo hutembea kama amebeba yai upande wa kulia. Mwenye mimba ambayo hajaisema hukaa mwisho wa benchi na kuwaruhusu wengine wapite mbele. Alinifundisha pia kupokea daftari. Huku kwetu mgonjwa huja na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na humo ndimo daktari huandika. Likijaa au likilowa, mgonjwa hununua lingine, na ugonjwa wake unaanza upya ukurasa wa kwanza, safi kama mtoto mchanga.

Na alinifundisha kanuni ya dirishani. Mwanamke akija na tumbo la chini, swali la kwanza: uko mwezini? Akisema ndiyo, unaandika kwenye daftari lake: yuko mwezini, arudi akimaliza siku zake. Unapiga muhuri, unamwambia pole, unamwita anayefuata.

Msicheke. Kanuni hiyo ilikuwa na sababu. Mkojo ukichanganyika na damu ya hedhi, fundi wa maabara anaona damu kila mahali na jibu linakuwa la uongo. Kitanda cha kupimia kilikuwa kimoja, shuka mbili, na maji ya kubeba. Na wanawake wenyewe waliona haya, wengine wakashukuru kwa kurudishwa. Mimi nilikuwa na uhodari wa pekee katika jambo hili. Nilikuwa namuuliza mwanamke, anasita, nami nimekwisha andika. Wenzangu waliniita geti.

Kanuni ya pili ilihusu wale waliorudi. Mwanamke aliyerudi amemaliza siku zake, bado ana uchungu kidogo akibonyezwa chini ya kitovu, alihesabiwa ana maambukizi ya mirija ya uzazi. Anapewa dawa za kuua vijidudu za wiki mbili. Na kwa kuwa maambukizi hayo mara nyingi hutoka kitandani, mimi niliandika kikaratasi: mlete mume naye atibiwe. Muhuri. Dawa hizo ni nzuri na kikaratasi hicho ni kizuri, ugonjwa ukiwa ndio wenyewe. Ugonjwa usipokuwa wenyewe, kikaratasi kinakwenda nyumba ya watu na kusema jambo ambalo halikutokea.

Miaka ikaenda hivyo. Sister Kabugho alistaafu, akaenda kulima kahawa yake mlimani. Mimi nikabaki na kiti. Mchana nilikwenda nyumbani kula, dakika kumi kwa miguu, nikarudi. Nilipewa nafasi ya kwenda kozi Fort Portal, nikasema nyanya zangu hazina mtu wa kuzimwagilia. Mnaonijua mnajua sikuwa na nyanya.

Miaka michache kabla sijastaafu tukaletewa Daktari Asiimwe. Kijana, mwembamba, mzaliwa wa huko kwa Wanyankole, Lhukonzo, lugha yetu, hajui hata salamu. Kiswahili alikijua, lakini alikulia kambini, baba yake alikuwa askari, na Kiswahili chake chote kilikuwa cha gwaride. "Lala! Kunja miguu! Pumua! Tulia!" Hakuwa mkali hata kidogo, ni sarufi tu aliyolelewa nayo. Wanawake wa soko walimpenda kupita kiasi. Walitoka chumbani wakinong'ona kwamba afande yule ana mikono laini. Maneno ya upole alinituma mimi niyaseme, na hivyo nikawa naingia chumba cha uchunguzi kutafsiri, mimi ambaye kwa miaka yote nilikuwa nimeishia mlangoni.

Sasa Kahindo. Alikuwa mama wa Kinande kutoka Butembo, muuza vitenge, aliyevuka na shangazi yake wakati kule kwao kulipochafuka kwa vita, na kupanga chumba Mpondwe. Aliolewa na Mkonzo, Bwambale, mpakia saruji kule Hima, ambaye nyumba yao iko Nyakalengija, njia ya wapanda mlima. Hayo ya ndoa sikuyajua wakati ule. Nilichojua ni kwamba alikuwa anakuja siku za soko, anashika ukuta kwa mkono mmoja, na mimi namuuliza swali langu, na anasema ndiyo. Safari moja baada ya kuandika hakuondoka. Alisimama akanitazama.

"Mama Mbambu, unaniambia nirudie wakati haiko inauma," alisema. "Sasa nikirudia, nitakuonyesha nini?"

Nilimwambia ndiyo utaratibu. Neno utaratibu ni zuri sana, linafunga mdomo wa mtu bila kumjibu. Nilikwenda nyumbani mchana, nikala vizuri.

Siku iliyogeuza mambo ilikuwa ya soko pia. Daktari Asiimwe alikuwa amekuja dirishani kwangu kutafuta wino, mimi nina daftari la Kahindo mkononi na kalamu imeshagusa karatasi. Kahindo alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha, jasho linamtoka asubuhi ya baridi.

Daktari akauliza, "Huyu anakwenda wapi?"

"Atarudi akimaliza," nikasema.

"Akimaliza nini?"

"Siku zake, daktari."

"Na maumivu yake yatamngoja?" Kisha akatoa amri kwa Kiswahili chake: "Ingiza."

Nikamwingiza. Ndani, daktari hakumgusa kwanza. Alivuta kiti na kuuliza, nami nikawa mdomo wake, nikiyalainisha. Tumbo linaanza kuuma lini? Siku mbili kabla ya damu, akasema Kahindo, siku ya kwanza na ya pili ndiyo kufa, kisha inapungua polepole. Tangu lini? Tangu shuleni, kila mwezi alikosa masomo, na mama yake alimwambia ni maumivu ya ukoo, hata shangazi yake anayo. Ukienda chooni siku hizo? Hapo Kahindo alinitazama kana kwamba nimempeleleza. Ni kama kisu, akasema, lakini siku zile tu. Na ukilala na mumeo? Akaitikia kwa kichwa. Mimba? Miaka mitatu ya ndoa, hakuna.

Daktari akaomba daftari. Kahindo akafungua kitenge alichobeba, akatoa madaftari tisa. Wafanyabiashara hawatupi karatasi. Lile la mkononi kwangu lilikuwa la kumi.

Nikaagizwa niyapange mezani na kuhamisha kila tarehe kwenye kalenda ya ukutani, nukta nyekundu kwa kila siku aliyokuja na maumivu. Kazi ya karani, nikaifanya kwa raha mwanzoni. Humo mlikuwa na kila ugonjwa tunaoujua: homa ya matumbo, malaria, vidonda vya tumbo, minyoo, njia ya mkojo, na maambukizi ya mirija mara tatu. Kila ukurasa ulikuwa na akili yake. Lakini nukta zilianza kujipanga. Kila baada ya wiki nne, zaidi kidogo, pungufu kidogo, zinashuka kalenda kwa mstari kama mtu amezipima na rula. Na katika kurasa hizo, mara saba, kulikuwa na mwandiko mzuri, unaosomeka, uliopigwa muhuri sawasawa: yuko mwezini, arudi akimaliza siku zake. Mara saba alikuja na ugonjwa wake mkononi. Mara saba nilimwambia aurudishe nyumbani.

Daktari alitazama kalenda, akanitazama, akaenda kunawa mikono. Afadhali angetoa amri.

Akampima, taratibu, huku mimi nimemshika Kahindo mkono. Aliniambia baadaye alichokikuta. Mji wa mimba ambao kwa kawaida husogea kidogo ukisukumwa ulikuwa haukubali kusogea, na nyuma yake kulikuwa na vipunje vigumu kama maharage, ambavyo akivigusa tu Kahindo anaruka. Vipunje hivyo, alisema, ndivyo tunavyovikosa tukimpima mwanamke haraka, au tukimpima siku isiyouma. Ugonjwa wenyewe huitwa endometriosis. Nilimwambia alirudie jina mara mbili, nikaliandika kiganjani.

Nawaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu mtaulizwa. Ndani ya mji wa mimba kuna utando unaotandikwa kila mwezi kumngoja mgeni. Mgeni asipokuja, unatanduliwa, ndiyo hedhi. Kwa wanawake wengine, utando wa namna hiyo hupatikana nje ya mji wa mimba: kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma ya kizazi, juu ya utumbo au kibofu. Huko nje nao unasikia sauti ile ile ya mwezi, unavimba, unavuja damu, lakini hauna mlango wa kutokea. Pale damu ilipovuja mwili unakasirika, panakuwa na kovu, na makovu yanagandisha viungo pamoja kama mikeka iliyomwagikiwa uji. Kwenye ovari damu ya zamani hujikusanya katika kifuko, nzito, rangi ya kahawa iliyochemka sana.

Nilipowaelezea wanawake baadaye nilitumia mfano wangu wa mashina ya viazi vitamu. Kipande kikidondoka njiani unapotoka shambani, wiki mbili baadaye kimeota mahali hukukipanda. Hivyo hivyo sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kudondokea ndani ya tumbo. Nilijivunia mfano huo mpaka Daktari Asiimwe aliposikia. Akasema si mbaya, lakini karibu kila mwanamke hudondosha vipande, na ni wachache tu ambao vinaota. Kwa nini vinaota kwa huyu na si kwa yule, wenye elimu bado wanabishana. Kuna suala la ukoo, kuna suala la kinga ya mwili, na kuna sehemu za mbali mno ambazo shina la kiazi haliwezi kufika lenyewe. Basi mfano wangu ulibaki na kilema, kama mwenyewe.

Yule daktari alinifundisha pia kwamba huhitaji kumpasua mtu ndipo umwamini. Zamani walisema hakuna uhakika mpaka kamera iingie tumboni. Sasa historia kama ya Kahindo, na vipunje vile, vinatosha kuanza dawa. Skani inasaidia, lakini skani ikiwa safi haimaanishi mgonjwa anadanganya. Na jambo lingine, maana najua wapo watakaomshauri mwanamke azae tu apone: kuzaa si dawa yake. Mimba huenda ikaunyamazisha, kisha ukarudi na sauti yake yote.

Skani ilikuwa Kasese, na Kahindo hakutaka kwenda peke yake, kwa hiyo daktari akanitazama. Nikaona nyanya zangu hazitanisaidia. Tukaenda. Nilibeba chai yangu kwenye chupa. Ovari ya kushoto ilikuwa na kifuko, si kikubwa cha kutisha, cha kutosha kuaminika hata na mtu asiyetaka kuamini. Vipimo vya maambukizi vilirudi havina kitu. Akapewa dawa za maumivu za kuanza kumeza kabla siku haijafika, na vidonge vya kuizuia hedhi yenyewe isije, na akaandikiwa barua ya kuonana na madaktari wa upasuaji. Kuhusu mtoto, Daktari Asiimwe hakumwahidi. Alimwambia wengi hupata, wengine kwa shida, na kwamba wataanza na maumivu kwanza.

Nilidhani Kahindo atafurahi. Alikaa kwenye benchi la kliniki na barua mapajani.

"Imechelewa, mama," akasema.

Ndipo nikayajua ya ndoa. Vile vikaratasi vitatu, mlete mume naye atibiwe, alivipeleka nyumbani kama alivyoagizwa. Mara ya kwanza Bwambale alimeza dawa bila neno. Mara ya pili aliuliza maswali. Mara ya tatu alivipeleka kwa wazee wake Nyakalengija, na baba yake mdogo, aliyewahi kufundisha shule ya msingi, akavisoma vyote mbele ya ukoo. Mwanamke anayeugua ugonjwa huo mara tatu, walisema, huku mume yuko Hima anabeba saruji, ameupata wapi? Wakamwambia akakae kwa shangazi yake Mpondwe mpaka wakutane tena. Mkutano ulikuwa wa kuamua siku ya kumrudisha kwao. Huko kwao watu walikuwa wanatoka, yeye ndiye arudishwe.

"Wazee beko nasema nilileta ugonjwa mu nyumba," alisema. "Karatasi ndiyo ilinitoa. Karatasi inirudishe."

Nilimwambia daktari ataandika barua. Akatikisa kichwa. Barua ya daktari ni ya daktari, akasema, wataona ni mutu mwingine na habari nyingine. Alitaka mwandiko ule ule na muhuri ule ule. Alitaka wangu.

Sitawaficha kwamba nilitafuta njia ya kukataa. Nilisema siruhusiwi kuandika habari za mgonjwa ziende kwa watu. Akasema habari ni zake na yeye ndiye anayezituma. Na zile tatu, akaongeza, niliziandika bila kumuuliza. Siku ile jioni nilipanda kwa Sister Kabugho na kumweleza yote, nusu nikitarajia aseme kosa si langu. Alikuwa anaanika kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya punje.

"Mimi ndiye niliyekufundisha," akasema.

"Ndiyo, Sister."

"Na mimi nilifundishwa." Akaendelea kutandaza kahawa. Halafu akaniuliza kama nina kiatu cha kupandia kilima, kwa sababu Nyakalengija si karibu na sebule yangu.

Asubuhi niliandika. Kwa rula, wino mweusi. Kwamba vikaratasi vitatu vilivyotoka dirishani kwetu vilikosea. Kwamba Kahindo hana ugonjwa wa kuambukizana, wala haukuonekana kwenye vipimo. Kwamba ugonjwa alionao ulianza akiwa msichana shuleni, kabla hajamjua Bwambale, na hauambukizi mtu. Kwamba alikuja mara saba siku ambayo ugonjwa ungeonekana na akarudishwa, na aliyemrudisha ni mimi ninayeandika. Daktari Asiimwe akasaini chini. Nikazungusha tarehe, nikapiga muhuri. Wiki hiyo hiyo nilichora safu mpya kwenye rejesta, upande wa kulia, ya siku ya hedhi ya kila mwanamke mwenye tumbo. Nyinyi wawili mmeikuta na mnailalamikia kwamba inabana nafasi ya jina. Ibane. Majina yenyewe ni manne.

Bwambale alikuja dirishani kabla ya mkutano, Kahindo alikuwa amemwita kwa simu. Mwanamume mpana, saruji imemwingia kwenye mistari ya mikono haitoki. Alinisalimia kwa adabu, wabukire, akachukua karatasi akaisoma akiwa wima, midomo inacheza. Akaanza tena juu.

"Hizi tatu nani aliandika?" akauliza.

"Mimi."

"Na hii?"

"Mimi."

Aliikunja karatasi, akanirudishia dirishani. "Mimi naiamini," akasema. "Lakini mimi sikuwa peke yangu wakati zile zinasomwa. Ukaisome mwenyewe."

Kwa hiyo nilikwenda Nyakalengija, mimi Mbambu geti. Tulishuka Kasese, tukapanda pikipiki kufuata mto, kisha Bwambale akasema nyumba iko hapo juu tu. Hapo juu tu ya watu wa mlimani mnaijua. Wabeba mizigo ya wageni walinipita na magunia mgongoni, wakanisalimia, wakanipita wengine, mmoja akaniuliza kama mimi ni wa kileleni au nimepotea. Kahindo alitembea nyuma yangu kwa heshima, akisimama kila niliposimama na kujifanya anafunga kitenge.

Walikuwa ndani wametungoja: baba mdogo aliyekuwa mwalimu, wazee wengine watatu, na mama yake Bwambale, mwanamke mfupi aliyekaa kwenye mkeka akimenya maharage bila kututazama. Kahindo hakuingia. Aliketi kizingitini, nusu nje. Sikuambiwa, lakini nilielewa kwamba hapo ndipo alipoketishwa mara ya mwisho.

Baba mdogo alinyoosha mkono apewe karatasi. Nilimwambia, kwa adabu, kwamba ile nimekuja kuisoma mwenyewe. Nikasimama, nikasoma kwa Lhukonzo, neno kwa neno, pamoja na ile sehemu ya mara saba. Wazee waliuliza. Mmoja aliuliza kama mimi nimesomea udaktari. Nikasema hapana, nimesomea kidato cha nne, na zile karatasi tatu mlizoziamini zilitoka kwenye elimu hiyo hiyo. Mwingine aliuliza kama mwanamke huyu atazaa. Nikasema daktari hajaahidi, nami siwezi kuahidi kumzidi daktari. Baba mdogo akasema karatasi imesikika, inatosha, tuendelee na mengine.

Mama yake Bwambale akaweka bakuli la maharage chini.

"Zile zilisomwa ngapi?" akauliza.

"Tatu," akasema baba mdogo.

"Hii imesomwa mara moja." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Soma."

Nikasoma mara ya pili. Nilipomaliza, mama huyo aliinua kidole kimoja tu, bado moja, nami nikaanza tena kutoka juu, jina la kliniki, tarehe, vikaratasi vitatu vilikosea. Nilipofika kwenye mara saba nilisikia kizingiti kikilia. Kahindo alikuwa ameinuka. Alipita katikati ya wazee, akaketi mkekani kando ya mama mkwe wake, akavuta bakuli karibu, akaanza kumenya.